Daftari au video: kipi kitakusaidia kumwelewa mbwa anayeshtuka?

Daftari ni jepesi. Unaandika kilichomshtua, umbali kati yake na kitu hicho, na sekunde alizochukua kutulia. Baada ya wiki mbili utaona kama mita 20 alizohitaji mwanzoni ili asishtuke zimepungua hadi 15. Lakini hutegemea jicho lako, na wengi wetu huanza kuandika mbwa akishabweka.

Video hunasa yaliyotangulia: mdomo unafumbwa ghafla, analamba pua, mwili unakakamaa. Niliporudia ya mbwa wangu polepole, niliona alikuwa ameshageuza kichwa mara mbili akiomba tuondoke. Iliniuma sana. Tegesha simu mahali, usiishike. Mikono yote inahitajika kwenye kamba.

Kwa anayeanza ningechagua video. Jicho likishazoea dalili hizo, daftari linatosha.