Aliyepigwa Ndiye Mwamuzi: Tathmini ya Mapigano ya Deraya ya SCA

Ngumi zina majaji, karate ina bendera, mchezo wa vitara una taa inayowaka. Mapigano ya deraya ya Society for Creative Anachronism (SCA), chama cha kuigiza maisha ya zama za kati za Ulaya kilichozaliwa kwenye mashindano ya uani huko Berkeley, California, Mei 1966, hayana hata kimoja kati ya hivyo. Aliyepigwa ndiye anayesema kama "amekufa", yaani ametolewa kwenye pambano. Wasimamizi wa uwanja wapo, lakini kazi yao ni usalama: kukagua vifaa, na kusimamisha pambano kofia ikifunguka au mtu akianguka vibaya. Kwa hiyo mfumo huu tunaupima kwa maswali mawili. Unamwezesha mtazamaji kumtambua muungwana, yaani anayekiri mapigo bila hila? Na akishatambuliwa, unampa haki yake?

Kipimo cha pigo ni cha kubuni, ila kimeandikwa. Kila mpiganaji huhesabiwa kuwa amevaa deraya ya pete za chuma juu ya koti lililojazwa pamba, mikono na miguu imekingwa kwa ngozi ngumu, na kichwani ana kofia ya chuma iliyo wazi usoni, yenye kipande kinachoshuka kulinda pua. Hata aje na mabamba ya chuma mwili mzima, kipimo hakibadiliki. Pigo la kukata litue kwa makali na liwe na uzito wa kutosha kushinda vazi hilo. Usoni ni tofauti: mchomo uliolengwa, hata wa kugusa tu, unaua. Kichwani, shingoni au kiwiliwilini, umekufa. Mkononi, mkono huo hautumiki tena. Pajani, wengi hupiga magoti na kuendelea. Kuanzia kifundo cha mkono hadi vidoleni, na chochote kilicho chini ya inchi 1 juu ya goti, si shabaha halali.

Maandishi ni mepesi. Ugumu unaanzia kwenye vifaa, na hapa ndipo watu wema huharibiwa sifa bure. Upanga ni fimbo ya henzirani yenye kipenyo kisichopungua inchi 1¼ (kama mm 32), iliyofungwa kwa utepe wa gundi. Kwa kuwa fimbo ni ya mviringo, makali huonyeshwa kwa utepe wa rangi nyingine. Rangi hiyo ikichakaa, aliye pembeni hawezi tena kutofautisha pigo la makali na la bapa. Henzirani iliyozeeka nayo husambaratika nyuzi ndani ya utepe ikawa kama ufagio: nguvu inamezwa, kishindo kinasikika, na aliyepigwa anasema kwa ukweli kabisa kwamba lilikuwa jepesi. Anayezomewa hapo ni yeye, wakati kosa ni la mwenye fimbo.

Kofia inadanganya zaidi. Kanuni zinadai chuma cha unene wa takriban mm 1.6, nondo za usoni zisizoachana zaidi ya inchi 1, na ndani sponji ngumu ya angalau nusu inchi. Wapo wanaoongeza sponji hadi kichwa hakisikii kitu, na wapo ambao mkanda wa kidevu umelegea, basi pigo linazungusha kofia badala ya kumfikia mtu. Wapiganaji humwita asiyekiri mapigo kifaru, kwa ngozi yake nene. Kabla hujalitamka jina hilo, kagua sponji na mkanda. Vilikuwa sawa? Kumbuka pia kwamba damu ikichemka maumivu hupungua, hasa kwa mgeni.

Basi utamtambuaje muungwana? Ushindi wa wazi hauelezi mengi. Kaza macho kwenye pigo la utata. Dalili tunayoiamini kuliko zote ni ya anayelikana pigo lake mwenyewe: mpinzani ameshaanza kuanguka, naye anasema, "Simama, lilikuwa bapa." Hiyo ni vigumu kuigiza, kwa sababu inagharimu ushindi. Inayofuata ni uharaka, yaani kukiri kabla watazamaji hawajaguna. Anayekataa pigo aseme sababu kwa kifupi, kwa mfano kwamba liligusa ngao kwanza, kisha mchezo uendelee. Mwenye sababu kila mara anajulikana. Anayejulikana pia ni yule anayekubali mapigo ya paja kwa madaha lakini ya kichwa hayaoni, au anayekufa upesi mbele ya wenye vyeo na kugeuka chuma mbele ya wanagenzi. Asiyekubali kushindwa si mshindani, wahenga walishasema, ila uwanjani huyu huchukua raundi tatu nne kumbaini.

Kuhusu desturi ya kupiga magoti kwa hiari mpinzani anapopoteza mguu, tunatofautiana na wengi. Kanuni haziidai. Aliyepiga magoti nyuma ya ngao kubwa amekwisha kuficha miguu yake, wakati aliyesimama bado ameiacha wazi. Faida yake ni kwamba anaweza kutembea. Mara nyingine ni ukarimu wa kweli, mara nyingine ni maonyesho. Asiyefanya hivyo asipunguziwe alama.

Utambuzi rasmi ndio upande dhaifu. Mshindi wa mashindano ya taji huwa mfalme, na hapo kinachopimwa zaidi ni mkono. Unaiti, cheo cha shujaa wa kivita (alama zake ni mkanda mweupe, mkufu usio na pambo na spua, yaani vichokoo vya mpanda farasi), unadai mwenendo pamoja na ustadi: manaiti hushauri, mfalme na malkia huamua. Mpiganaji wa wastani asiyeshinda lakini asiyedanganya anaweza kusahaulika. Dawa ipo, ila haitumiwi vya kutosha: mwanachama yeyote anaweza kuwaandikia barua wenye taji. Iwe fupi. Taja tarehe, pambano, pigo lenyewe na nani mwingine aliliona. Matukio mawili matatu ya aina hiyo yana uzito kuliko ukurasa mzima wa "ni mtu mwema".

Kama ni alama, tunaupa mfumo 4 kati ya 5, na ile moja inakatwa kwa utambuzi wake wa kusuasua. Ukitaka kuuona ukijaribiwa kwelikweli, nenda Pennsic, mkusanyiko mkubwa wa SCA huko Pennsylvania unaofanyika tangu 1972, utazame mapigano ya makundi. Mkuki unatoka kwenye safu ya pili, mwenye kuchoma haonekani, kelele zimejaa, na mtu anajiangusha chini bila kuulizwa na yeyote. Asiyetaka kumwamini mpinzani kiasi hicho atafute mapigano ya chuma ya buhurt, ambako anayegusa ardhi kwa kiungo cha tatu ametoka, akiri asikiri.