Search Console kwa nyumba ya wageni ya Tukuyu: tathmini baada ya miezi 14

Nyumba yetu ya wageni ina vyumba saba na iko Tukuyu, kando ya barabara inayotoka Uyole kwenda Kyela na mpaka wa Kasumulu. Tulifungua tovuti yake tukiamini kwamba yeyote anayepanga kwenda Ziwa Ngosi, Daraja la Mungu au Hifadhi ya Taifa ya Kitulo angeiona na kutupigia, lakini kwa muda mrefu wageni waliendelea kuwa wale wale walioelekezwa kwetu na madereva na jamaa zao. Tathmini hii inahusu Search Console, huduma ya bure ya Google inayowaonyesha wenye tovuti jinsi tovuti zao zinavyoonekana katika utafutaji wa Google, ambayo nimeitumia kwa miezi 14. Naiona kuwa chombo cha kwanza ambacho mwenye biashara ndogo anapaswa kukishika kabla hajatoa hata shilingi moja kwa ajili ya matangazo.

Mimi nilianza kwa kutoa shilingi. Wakala mmoja aliniahidi nafasi ya kwanza katika matokeo ya Google ndani ya mwezi mmoja, nami nikamlipa. Nilipokuja kufungua ripoti ya viungo ndani ya Search Console, yaani orodha ya tovuti nyingine zinazoelekeza wasomaji kwenye yako, niliona kwamba kazi yake yote ilikuwa kupachika anwani ya tovuti yetu katika kurasa za kamari za nchi za mbali, ambazo msomaji wake hawezi hata siku moja kuhitaji kitanda Rungwe. Google inakataza viungo vinavyonunuliwa ili kupandisha nafasi ya tovuti, na imewatahadharisha wazi wenye tovuti dhidi ya mtu yeyote anayewahakikishia nafasi ya kwanza. Tahadhari hiyo ilikuwepo siku zote. Ni mimi ambaye sikuwa nimeisoma.

Kujisajili hakusumbui. Unahitaji akaunti ya Google na uthibitisho kwamba tovuti ni yako, na njia niliyoichagua ni kuongeza mstari mmoja wa maandishi katika mipangilio ya jina la kikoa (domain), yaani anwani ya tovuti, jambo ambalo kampuni iliyotuuzia jina hilo ilinifanyia nilipoomba. Ushauri wangu ni kujisajili mapema, hata kama tovuti bado haijakamilika, kwa kuwa kumbukumbu huanza kukusanywa pale tovuti inapoongezwa, na huhifadhiwa kwa miezi 16 tu. Biashara ya msimu kama yetu haipati picha yoyote ya maana mpaka iweze kuulinganisha mwezi wa Januari na Januari iliyotangulia.

Thamani yenyewe ya huduma hii iko katika ripoti ya utendaji, ambayo inakuonyesha maneno ambayo watu waliyaandika Google kabla ukurasa wako haujatokea mbele yao, mara ngapi ulionyeshwa, mara ngapi ulibofywa, na wastani wa nafasi uliyoshika. Katika ukurasa wetu wa kwanza nilikuwa nimeandika kwa fahari kubwa kwamba tunatoa malazi tulivu yenye hadhi katika nyanda za juu kusini. Katika orodha ile hakuna hata mtu mmoja aliyetafuta malazi tulivu yenye hadhi. Watu walikuwa wakiandika "gesti Tukuyu bei", "lodge Tukuyu", "sehemu ya kulala Tukuyu", na wengine "gesti yenye parking njia ya Malawi". Nilisoma orodha hiyo mara kadhaa usiku ule, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kuwasikia wageni wakisema wanachokitaka kabla hawajafika mlangoni. Kesho yake niliandika bei za vyumba waziwazi, nikaeleza kwamba uani panaingia hata lori dogo, na neno gesti, ambalo nilikuwa nimelikwepa nikidhani linatushusha, nikaliweka katika kichwa cha ukurasa.

Mfano ulionifunza zaidi ni wa Ziwa Ngosi. Jina hilo huandikwa kwa namna mbili, Ngosi na Ngozi, na ukurasa wetu ulitumia namna ya kwanza peke yake. Ripoti ilionyesha kwamba wengi huandika kwa z, na mtu anayetafuta neno hilo kwa Kiswahili bila kuongeza "ziwa" au "Mbeya" huletewa mambo ya ngozi ya mwili na mafuta ya kupaka. Nilibadili kichwa kikawa "Ziwa Ngosi (Ngozi), Mbeya: jinsi ya kufika kutoka Tukuyu", kisha nikaandika yale ambayo wageni hutuuliza mezani wakati wa chai: mahali pa kuachia gari kwenye barabara kuu ya Mbeya na Tukuyu, mwendo wa miguu ndani ya msitu, utelezi wa njia wakati wa mvua, na umuhimu wa kwenda na mwongozaji mwenyeji. Ukurasa huo sasa unabofywa kuliko ukurasa wetu wa vyumba. Masika iliyopita mama mmoja alipiga simu akiwa Iringa, akaniuliza, "Dada, kwa mvua hizi huko Ngozi kunapandika kweli, au nisubiri mpaka Juni?" Alisubiri, akaja Juni na wanawe, wakalala kwetu usiku mbili.

Kwa Kitulo nilijifunza jambo la wakati. Maua ya uwanda ule hustawi katika majira ya mvua, takriban Desemba hadi Aprili, lakini maswali kuhusu maua yalianza kuonekana katika ripoti yetu wiki kadhaa kabla ya msimu, wakati watu wanapopanga likizo. Ukurasa unaoandikwa Februari huwa umechelewa. Sasa naurekebisha wa kwetu mwezi wa Oktoba, kisha naiomba Google iupitie upya kwa kutumia sehemu ya ukaguzi wa anwani, ombi ambalo si amri na huweza kuchukua siku kadhaa.

Kasoro zipo, na nyingine zinaumiza zaidi tovuti ndogo. Maneno yanayotafutwa na watu wachache mno hufichwa ili kulinda faragha yao, na kwa biashara inayopata wasomaji wachache sehemu kubwa ya orodha inaweza kupotea kwa namna hiyo. Ripoti ya kasi ya kurasa kwetu haina kitu, kwa kuwa inategemea wasomaji wengi kuliko tulio nao. Ilinibidi nipime kasi kwa PageSpeed Insights, chombo kingine cha Google, ndipo nikagundua kwamba picha za mashamba ya chai nilizopakia moja kwa moja kutoka kwenye kamera zilikuwa nzito kiasi cha kumalizia mgeni bando. Takwimu kamili nazo kwa kawaida huchelewa kwa siku mbili hivi.

La mwisho ndilo kubwa kuliko yote: Search Console haiwaoni wasomaji wanaofika kwa njia zilizo nje ya Google. Mgeni aliyetumiwa kiungo na rafiki yake kwa WhatsApp, au aliyetuona Instagram, hayumo, na hata aliyebofya kutoka Google haijulikani kama alilala au alipita. Pengo hilo tumeliziba kwa daftari la mapokezi, ambamo kila mgeni huulizwa alitufahamu kwa njia gani, na kila mwisho wa mwezi naliweka daftari hilo kando ya ripoti na kuvisoma pamoja.

Mwenye duka la Mwanjelwa, jijini Mbeya, ambaye wateja wake wote hufika kwa miguu simshauri aanzie hapa. Yeye ajisajili kwanza katika Google Business Profile ili aonekane kwenye ramani, akiwa na saa za kazi na namba ya simu iliyo sahihi. Kwa mwenye tovuti ambayo wageni wake wanatoka mbali, kama sisi, huduma hii naipa nyota nne kati ya tano. Kazi iliyo mezani kwangu wiki hii ni ukurasa wa Matema, kwa sababu orodha inaonyesha watu wakiuliza kama mtu anaweza kulala Tukuyu, ashinde ufukweni Ziwa Nyasa na kurudi jioni, na hakuna mahali popote katika tovuti yetu ambapo nimewajibu.