Sali nzuri ya mazoezi Goma, lakini hewa yake inaumiza mapafu

Kwa miezi mitatu sasa ninafanya mazoezi katika sali moja hapa Goma, iliyo ghorofani kando ya barabara kuu. Vyombo ni imara, bei inavumilika, na kocha humfuata kila mtu kwa subira. Kinachonihuzunisha ni hewa.

Mashine za kukimbilia zimepangwa kwenye madirisha yanayoelekea barabarani, ambako pikipiki na malori huinua vumbi jeusi la volkano mchana kutwa. Umeme ukikatika, jenereta huwashwa uani na moshi wake hupanda hadi ndani. Jioni majiko ya makala ya jirani huongeza wake, na upepo ukituletea moshi wa volkano ya Nyiragongo, salfa dioksidi, gesi kali inayowasha njia za hewa, nayo huwamo.

Mtu aliyeketi huvuta lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika, lakini akikimbia kwa nguvu anaweza kupita lita 100. Tena hupumua kwa mdomo, na hapo salfa dioksidi, ambayo kwa kawaida huyeyuka katika unyevu wa pua na kuishia humo, hushuka hadi kwenye njia za hewa na kuzibana. Mwenye pumu anaweza kubanwa kifua ndani ya dakika chache. Monoksidi ya kaboni itokayo kwenye jenereta hung'ang'ania damu kwa zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo misuli hupungukiwa wakati ule ule inapohitaji zaidi. Wala haitoshi kupima kila gesi peke yake: mwaka 1975 watafiti Hazucha na Bates walieleza katika jarida la kisayansi la Nature kwamba ozoni, gesi nyingine inayoumiza mapafu, na salfa dioksidi zikivutwa pamoja wakati wa mazoezi mepesi zilidhoofisha mapafu kuliko jumla ya madhara ya kila moja, ingawa majaribio ya baadaye yalipata tofauti ndogo zaidi.

Nilipokuwa nikienda jioni, nilikohoa hadi usiku. Tangu nihamie saa kumi na mbili asubuhi, kabla barabara haijachangamka, kikohozi kimepungua sana. Wasimamizi walinisikiliza kwa heshima, ila bomba la jenereta bado halijapandishwa juu ya paa, na mashine hazijasogezwa upande wa nyuma. Barakoa ya kitambaa haizuii gesi. Mwenye afya njema namshauri ajiandikishe, aende alfajiri. Mwenye pumu, au anayemleta mtoto, asubiri kwanza jenereta ihamishwe.