Programu za bure za kuendesha jarida: ipi ianze, ipi isubiri

Katika ofisi nyingi ndogo za majarida hapa Dar es Salaam, makala husafiri kwa WhatsApp. Mwandishi anaituma akiwa Mbagala, mhariri anaisahihisha akiwa ndani ya mwendokasi, msanifu kurasa anapokea mafaili matatu yenye jina moja, na mwisho wa yote inachapwa ile ambayo haikusahihishwa. Kwa hiyo kigezo changu kikuu ni hiki: programu inionyeshe kila makala iko mezani kwa nani sasa hivi. Cha pili, mwandishi aweze kuitumia kwa simu na bando dogo.

Ninaweka mbele WordPress, programu ya kuendesha tovuti, ikiongezewa kiongezo chake kiitwacho PublishPress Planner. Zote mbili ni za bure na msimbo wake uko wazi, yaani yeyote anaweza kuusoma na kuubadilisha. WordPress yenyewe hugawa madaraka: mchangiaji anaandika na kuwasilisha, lakini hawezi kuchapisha wala kupakia picha; mhariri ndiye anayepitisha na kuchapisha. Pia huhifadhi matoleo ya nyuma ya kila makala, kwa hiyo aya iliyofutwa kwa bahati mbaya inarudishwa. PublishPress inaleta kalenda ya toleo zima, taarifa kwa barua pepe makala inapobadilika hatua, na maoni ya mhariri kwa mwandishi ambayo msomaji hayaoni. Hayo maoni peke yake yanatosha kunishawishi, maana maelekezo ya uhariri yanabaki na makala yake badala ya kupotelea kwenye kundi la WhatsApp. Seva, yaani kompyuta ya mtandaoni inayobeba tovuti, na jina la tovuti utalipia kila mwaka. Liweke hilo kwenye bajeti mapema. Na kama jarida lako ni la karatasi tu, bado utalazimika kuyahamisha maandishi kwenda kwa msanifu.

Kama huna tovuti wala fundi, anza na Google Docs pamoja na jedwali moja la Sheets: safu ya jina la makala, mwandishi, hatua iliyofikia, na siku ya mwisho. Msimbo wake hauko wazi, na GB 15 za bure zinachangiwa na barua pepe na picha zako, hivyo picha kubwa za jalada zitazijaza haraka. Lakini mhariri anapopendekeza mabadiliko, mwandishi anaona kila neno lililoguswa na anaweza kukubali au kukataa. Kwa kumfundisha mwandishi kijana, sijaona njia bora zaidi.

Kanboard inafuata. Ni ubao wa kazi wenye safu, unaowekwa kwenye seva yako mwenyewe, na ni mwepesi. Makala ni kadi inayosogezwa kutoka rasimu hadi usanifu. Trello inafanana nayo na haihitaji seva, ila mpango wake wa bure unaishia watu kumi, idadi ambayo wachangiaji wa jarida huizidi mapema.

Open Journal Systems ni ya kitaaluma. Imejengwa kwa ajili ya wahakiki wanaosoma makala bila kumjua mwandishi, na majarida ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yako juu yake. Kwa jarida la mitindo au kilimo itakuwa mzigo usio na faida. Superdesk ninaiweka mwisho, si kwa ubaya wake; ni mfumo wa mashirika ya habari, na kuuweka kunahitaji MongoDB (hifadhidata), Elasticsearch (programu ya utafutaji) na mtu wa kuvisimamia muda wote.

Usanifu wa kurasa ni kazi nyingine. Scribus ni ya bure na hutoa PDF yenye rangi za CMYK, zile nne za wino wa uchapaji, ila haifungui faili la kawaida la InDesign, programu ya kulipia ya kusanifu kurasa. Msanifu aliyezoea InDesign akuhifadhie kazi kwa muundo wa IDML, ambao Scribus inaweza kuufungua. Kabla ya toleo la kwanza, mpelekee mchapaji wako ukurasa mmoja wa majaribio, aseme kama rangi na kingo za kukatia ziko sawa.