Unga wa seriamu kwa kioo cha mbele: kazi unaifanya, lakini anza na raba ya waipa

Maduka ya vipuri yanauza paketi ndogo za unga wa oksidi ya seriamu, pamoja na pedi ya sufu ngumu ya kufunga kwenye drili, na lebo inaahidi kuondoa alama zote za waipa. Unga huu ni mzuri kwa ugonjwa mmoja tu: kioo kilicholika juujuu. Magari mengi yanayopelekwa kung'arishwa hayana ugonjwa huo. Raba zake zimekwisha, au kioo kimeshika mafuta, na hapo unga ni pesa ya bure.

Kwa hiyo pima kwanza. Osha kioo kwa maji mengi na sabuni kidogo ya vyombo, suuza, kisha washa waipa huku ukirusha maji, na uangalie alama inakaaje. Mstari mwembamba wa maji unaobaki palepale kila waipa inapopita unatoka kwenye raba: ukingo umechanika au umeshika mchanga. Nyanyua mkono wa waipa na ufute ukingo kwa kitambaa chenye maji. Weusi kidogo mara ya kwanza ni kawaida. Kitambaa kikizidi kutoka cheusi, au ukihisi ukingo una meno, badilisha. Magari mengi ya Japani yanakubali kubadilishwa raba peke yake bila kununua waipa nzima. Nenda na ile ya zamani dukani ulinganishe urefu na upana.

Ukungu unaotanda nyuma ya waipa kisha ukapotea baada ya sekunde chache ni utando: moshi wa dizeli, waksi ya bodi, au silikoni ya dawa ya kung'arishia tairi. Hii ya mwisho ndiyo sumu kubwa, maana vijana wa kuosha magari hupaka tairi na kufuta kioo kwa kitambaa kilekile. Alkoholi ya isopropili ya asilimia 70 kwenye kitambaa safi cha maikrofaiba huiondoa. Futa mara mbili, ukigeuza upande wa kitambaa kila baada ya mipito michache, usije ukahamisha mafuta kutoka kushoto kwenda kulia. Futa raba yenyewe pia.

Waipa ikitetemeka na kuacha vistari vilivyokatikakatika, angalia inatetemeka ikielekea wapi. Ikiwa ni pande zote, rudia alkoholi. Ikiwa ni upande mmoja tu, mkono umejisokota. Zima swichi ya gari waipa ikiwa katikati ya kioo: raba inatakiwa isimame wima, nyuzi 90. Ikiwa imelala, shika mkono kwa spana malaya iliyozungushiwa kitambaa na uusokote kidogo kidogo mpaka raba isimame. Weka taulo nene juu ya kioo wakati wote, kwa sababu mkono ukiponyoka bila waipa unaweza kukivunja.

Madoa meupe ya duara ni chumvi ya maji. Yanasumbua sana pwani, ambako magari mengi huoshwa kwa maji ya kisima na kuachwa yakauke juani. Lowesha kitambaa kwa siki nyeupe, kilaze juu ya madoa kwa dakika 10, sugua, suuza.

Alama zikigoma baada ya hayo yote, na zikifuata upinde wa waipa, hasa ukiendesha huku jua likiwa usoni, sasa kioo chenyewe kimelika. Mara nyingi chanzo ni vumbi: mchanga ni mgumu kuliko kioo, na waipa ikiwashwa kavu inausaga. Pitisha ukucha kukatiza alama. Ukucha usipokwama, unga utasaidia. Ukucha ukikwama, acha, hata kama lebo inasema vingine: kufikia kina hicho lazima uchimbe bonde, na bonde hupindisha picha ya barabara mbele ya dereva.

Kazi yenyewe inataka subira. Funika bodi na raba za pembeni kwa plastiki na teipu ya karatasi, na ufanye kivulini. Koroga unga na maji mpaka uwe kama uji mwepesi. Drili iende mizunguko 1,000 hadi 1,500 kwa dakika, si zaidi, na kipande kisizidi sentimita 30 kwa 30 kwa wakati mmoja. Pedi isitulie mahali pamoja. Seriamu hung'arisha kwa kemia pamoja na msuguano, na kemia hiyo inahitaji maji, kwa hiyo puliza maji mara tu uji unapoanza kukauka. Gusa kioo kwa ndani kila baada ya dakika moja au mbili: kikiwa moto badala ya vuguvugu, simama, maana joto la mahali pamoja hupasua kioo. Kipande kimoja kinaweza kula nusu saa. Vaa barakoa, hasa unapokoroga unga mkavu.

Kasoro za paketi hizi zipo. Gramu 50 hazitoshi kioo kizima. Gundi ya pedi za bei ya chini huachia zikipata joto. Na kuna unga mwekundu uliokolea unaouzwa kwa jina hilohilo: huo ni oksidi ya chuma, unang'arisha polepole zaidi na kuacha madoa kwenye plastiki. Seriamu ya kioo huwa nyeupe-njano, au ya waridi iliyofifia. Gari lenye kamera nyuma ya kioo, karibu na kioo cha kutazamia nyuma, usiliguse sehemu hiyo hata kidogo.

Ukimaliza, suuza, futa kwa alkoholi, funga raba mpya. Raba ya zamani ina mchanga uliozama ndani yake na itarudisha mikwaruzo ileile. Toa pia maji ya Omo kwenye tangi la waipa. Povu lake huacha utando na kuziba matundu ya kurushia. Maji ya betri yanafaa zaidi kwa kuwa hayana chumvi, ila soma chupa vizuri, maana asidi ya betri huuzwa rafu hiyohiyo.