Nimeangalia dokumentari ya Michael Naranjo na ami yangu asiyeona

Assalaam alaykum jamani, karibuni tena. Leo nataka tuzungumze dokumentari ya Michael Naranjo, yule mwanajeshi wa Vietnam aliyepofuka vitani akaja kuwa mchongaji masanamu, na hii sikuiangalia peke yangu, nliiangalia na ami yangu hapa Mji Mkongwe, fundi wa milango ya nakshi tangu ujana wake, na yeye sasa haoni, presha ya macho imemchukulia yote mawili. Kwa hivyo mie naangalia natafsiri, yeye anasikiliza.

Habari yenyewe ni hivi. Naranjo ni Mtewa, wale wenyeji wa asili wa Marekani, kwao Santa Clara Pueblo huko New Mexico. Akachukuliwa jeshini, akapelekwa Vietnam, na Januari 1968 bomu la mkono likamripukia, macho yakaenda na mkono wa kulia ukaharibika vibaya sana. Hapo nikasimamisha kidogo maana mwenyewe koo ilinikaba. Ami akauliza kitu kimoja tu, "mkono upi umembakia?" Nikamwambia wa kushoto. Akaukunja wake wa kulia, ule wa kushikia nyundo, akaukunjua, akasema haya endelea.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo penyewe khaswa. Yuko hospitali Japani, kalala, haoni, akaomba udongo. Akaletewa, na kitu cha mwanzo alichokitengeneza ni kijidudu tu, kiwavi. Watu wengi wakihadithia wanasema mtu kaanza maisha upya, mie sikubali hata kidogo, mama yake Rose Naranjo alikuwa mfinyanzi, kakulia ndani ya udongo yule! Nendeni Pemba mkawatizame kinamama wanaofinyanga vyungu na vyetezo, mdomo wa chungu haupimwi kwa jicho, anaupitishia kidole huku anazungumza na wewe habari za harusi ya jirani. Mkono ushajua zamani. Vita vilimnyang'anya mengi lakini kile cha mama yake hakikufikiwa.

Halafu kazi zake anazifanya kwa nta, anaikwangua kwa kucha, ikishakuwa tayari inazungushiwa ganda, nta inayeyushwa inatoka, inamiminwa shaba. Nlipomtafsiria hilo ami akaruka, "nta! nta ukikosea unarudishia, mbao haina kurudishia." Tukakaa dakika kumi nzima kwenye nta tu, filamu imesimama.

Na ile habari ya Florence, Italia, alipojengewa jukwaa ili aweze kumpapasa kwa vidole vyake Daudi, sanamu la mita 5 na kitu la Michelangelo, yule mchongaji maarufu wa zamani, wallahi mie nililia. Na yeye mwenyewe masanamu yake anataka watu wayaguse. Sehemu ngapi sisi tunaingia tunakuta usiguse, usiguse, sasa asiyeona aondoke na nini?

Kasoro yangu ni hiyo hiyo. Filamu ya mtu asiyeona, lakini hiyo tuliyoiangalia sisi kila sanamu likitokea asiyeona hapati kitu mpaka awe na mtu pembeni wa kumwelezea, na Kiswahili hamna, ni Kiingereza tu. Mie naipa 9 kwa 10, na hiyo moja naikata kwa ajili ya ami. Ila iangalieni, na kama nyumbani mna mzee asiyeona kaeni nae, msimwache na redio.

Ilipokwisha ami hakusema kitu. Akaniomba nimpeleke mlangoni, mlango wa nyumba hii kauchonga mwenyewe, akaupitisha mkono kwenye mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, kutoka juu anashuka taratibu, ua la kwanza, la pili, kwenye la tatu akasimama. "Hapa patasi iliniteleza. Sijapata kumwambia mtu." Nikasogeza taa, nikatizama, sikuona kitu, mpaka aliponishika kidole akakiweka mwenyewe pale.