Karatasi za pH za shilingi 6,000, duka la Kariakoo, na mikono ya jirani yangu

Nianze na mikono, maana ndiyo iliyonipeleka dukani. Jirani yangu hapa Tandika ni mama ntilie, na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo ananunua kwangu, dumu la lita 5 kila wiki. Jumanne moja asubuhi aligonga mlango kabla sijapiga mswaki. Hakutoa hata salamu, alininyooshea viganja tu. Vidole vilikuwa vyeupe, vimelegea kama vya mtu aliyeshinda majini, na kwenye maungio ngozi imepasuka, nyekundu. "Shoga, safari hii umenitilia nini?" Usiku alikuwa amejikamulia ndimu kwenye vile vidonda, eti ikate ukali. Alivyolia, mumewe akadhani kuna mwizi.

Huu ni mwaka wa sita natengeneza sabuni. Nilianzia kwenye mafunzo ya SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, nikaendelea kwa kuungaunga. Sikuwahi kurudishiwa dumu hata moja. Wiki ile nilirudishiwa manne.

Binti yangu yuko kidato cha tatu, na ana ulimi kama wa bibi yake. Akaniuliza, "Mama, ulipima pH, yaani ukali wa asidi au besi?" Nikamwambia napima kwa kidole, kama tunavyofanya wote: unachovya, unasugua kidole gumba na cha shahada, ukisikia utelezi wa kawaida basi iko sawa. Akasema, "Sasa mama, kidole si ndicho kinachoungua?"

Ndiyo nikapanda daladala kwenda Kariakoo.

Duka lenyewe silitaji jina, maana nina la kulisifu na la kulisema. Liko kwenye kamtaa kanakotokea Msimbazi, juu ya duka la mapazia. Ngazi ni nyembamba, ukikutana na mbeba mizigo lazima mmoja ajibanze ukutani. Juu kule ni chumba kimoja kirefu chenye harufu ya pafyumu ya limau iliyochanganyika na kitu kinachokuna pua. Salfoniki, ile asidi tunayotengenezea sabuni ya maji, iko kwenye mapipa ya bluu, slesi ya kuongeza povu kwenye ndoo, rangi kwenye vikopo, na ukutani kumetundikwa cheti cha usajili kutoka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Cheti hicho kiangalieni popote mnaponunua. Kuna sheria ya kemikali za viwandani na majumbani tangu 2003, na anayeuza vitu hivi anatakiwa awe amesajiliwa. Mimi miaka yote sikuwahi kuinua macho ukutani.

Kijana wa kaunta alinipokea vizuri. "Shikamoo mama, karibu, leo tunachemsha nini?" Nilipomwambia nataka karatasi za kupimia akatoa kijitabu kidogo kama cha viberiti, ndani vipande 80 vya karatasi ya njano, na kwenye jalada rangi zimepangwa kuanzia 1 mpaka 14, kutoka nyekundu ya asidi kupitia kijani hadi zambarau iliyoiva ya besi. Shilingi 6,000. Nikaguna. Akachana kipande kimoja cha kwake, akakichovya kwenye chupa yake ya maji ya kunywa, kikageuka kijani hafifu. Akasema hiyo ni 7, katikati, si asidi si besi. Nikalipa.

Na swali lililonileta nikaliuliza. Nilikuwa nimekuja na mabaki ya mfuko wa soda eshi, ile besi ya kupooza salfoniki, niliyonunua mwezi ule kwa muuzaji mwingine, wa karibu na nyumbani. Mfuko wa nailoni mweupe, umefungwa fundo, hauna lebo hata ya kalamu. Kijana hakuufungua. Aliutikisa tu sikioni kama mtu anayesikiliza choroko, akasema, "Mama, soda eshi ni unga, haigongani. Hii ina chembe. Kapime nyumbani, vaa glavu, wala usitumie sufuria."

Hapo kwenye sufuria nieleze kidogo, maana wengi wetu tunachanganyia humo. Sufuria zetu hizi ni za alumini, na kostiki soda, besi kali kuliko soda eshi na yenye chembe, inaila alumini huku ikitoa hewa ya haidrojeni, ambayo inashika moto. Ukiwa na jiko la mkaa pembeni, umejitegea bomu. Tumia ndoo ya plastiki ngumu au chuma cha pua. Na kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, kidogo kidogo. Ukimwagia maji juu yake yatachemka ghafla na kukurukia usoni.

Nikapima usiku ule na binti yangu, vikombe viwili vya plastiki mezani. Cha kwanza maji na kijiko cha soda eshi mpya ya Kariakoo: karatasi ikasoma 11. Cha pili maji na kijiko cha ule mfuko wa fundo: kikombe kikapata moto mkononi kama chai, na karatasi ikaiva zambarau nyeusi, mwisho kabisa wa jalada. Halafu binti akafanya jambo lililomaliza ubishi. Alichukua chembe kavu za kila upande kwenye sahani, akadondoshea siki. Soda eshi ilichemka povu, fshsh, kama soda iliyofunguliwa. Zile chembe nyingine zikanyamaza kimya.

Soda eshi ni kaboneti, na kaboneti ikikutana na asidi hutoa hewa ya kabonidayoksaidi, ndiyo lile povu. Kostiki haina kaboneti, kwa hiyo haichemki. Muuzaji yule alinipimia kostiki nikaondoka nikijua ni soda eshi, na mimi nikaitia robo kilo nzima kwenye ndoo ya lita 20. Kinachoniuma ni kwamba ndoo iliniambia. Siku zote nikimimina soda eshi kwenye salfoniki povu linapanda mpaka narudi nyuma. Siku ile halikupanda, ndoo ikawa ya moto tu, na mimi nikafurahi kwamba leo kazi imekuwa nyepesi.

Dumu la jirani tulipolipima lilisoma 13. Ngozi ya mkono ina uasidi kidogo, kwenye 5 hivi. Kutoka 5 hadi 13 unaona hatua nane tu, lakini binti yangu akanionyesha kwamba kila hatua ni mara kumi ya iliyotangulia. Kumi mara kumi, hivyo hivyo mara nane: milioni mia moja. Nilikaa kimya kidogo. Kipimo hiki, akaniambia, kilibuniwa 1909 na Mdenmark mmoja, Søren Sørensen, kwenye maabara ya Carlsberg kule Copenhagen. Kiwanda cha bia! Nikamwambia asimwambie baba yake kwamba sabuni yetu ya msikitini inapimwa kwa kipimo cha walevi.

Na ile ndimu ya jirani haikuwa dawa. Ni kweli ndimu ni asidi na kostiki ni besi, na zikikutana zinapoozana, lakini katika kupoozana huko zinatoa joto, na ndimu yenyewe inachoma kidonda. Kemikali ikikugusa, ni maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20 bila kuhurumia bili, kisha hospitali kama pameungua.

Sasa matumizi yenyewe. Kanuni niliyozoea ni lita moja ya salfoniki kwa robo kilo ya soda eshi. Kwa karatasi nikaanza upya: natia soda eshi iliyoyeyushwa, kikombe kwa kikombe, nakoroga, nangoja povu litulie, nachovya. Gramu 100, karatasi bado nyekundu. Gramu 150, njano. Nilipofika kama gramu 180 ikasimama kwenye kijani cha 7. Maana yake miaka sita yote nimekuwa nikizidisha gramu 70 kila ndoo, hela inayokwenda kukausha mikono ya watu. Kijitabu kimejilipa hapo hapo.

Lita 11 zilizokuwa zimebaki za ile sabuni kali sikumwaga. Niliongeza salfoniki taratibu, karibu nusu lita ilikwenda, mpaka ikashuka 7. Ilitoka nzito na povu zuri kuliko mwanzo. Ndipo nilipoelewa mstari uliomo kwenye daftari la binti yangu: asidi na besi zikikutana hupatikana chumvi na maji. Nilikuwa nadhani chumvi ni ile ya mboga. Kumbe hicho kinachozaliwa kwenye ndoo, salfoniki ikishaoana na soda eshi, kile kinachotoa mafuta kwenye sahani, kwa lugha ya kemia nacho ni chumvi. Sabuni ya mche vilevile: mafuta na kostiki. Miaka sita nauza chumvi bila kujua.

Ile chumvi ya jikoni tunayoongeza mwishoni ni ya kufanya sabuni iwe nzito tu, nayo ina kiwango chake. Ukizidisha, sabuni inarudi kuwa maji na hairudi nyuma kwa maombi. Wanaotumia maji ya kisima cha chumvi, na Dar tuko wengi, wapunguze.

Mapungufu ya karatasi yapo. Haitofautishi 7 na 7.5, macho yangu yanaona kijani kile kile. Chini ya taa ya umeme ya njano utabahatisha, soma mchana mlangoni. Sabuni ukishaitia rangi usipime tena, karatasi inanywa rangi ya sabuni na kukudanganya, pima kabla. Kwenye sabuni ya mche unailowesha kidogo na kubandika kipande. 9 au 10 ni kawaida yake, ikipanda 12 ujue kuna kostiki haijala mafuta. Na joto hili letu la unyevunyevu linaiharibu: kijitabu changu kinakaa kwenye kopo la maziwa lenye mfuniko, mbali na dumu la salfoniki.

Asiye na 6,000 atumie bizari. Sitanii. Kuna siku kanzu ya mzee wa nyumba ilidondokewa biriani kifuani, doa la njano, nikalisugua kwa sabuni ya mche likageuka jekundu kama damu. Alitaka kujua nimemkata wapi. Bizari ikikutana na besi inakuwa nyekundu ya udongo, ukiikamulia ndimu inarudi njano. Kwa hiyo kitambaa kilichochovywa bizari kitakwambia sabuni imepita katikati kwenda upande wa ukali. Ila hakitakwambia imepita kwa kiasi gani, na kati ya 9 na 13 ndipo mikono ya jirani ilipoharibikia.

Nirudi dukani. Bei ni za kawaida: salfoniki lita 6,500, soda eshi kilo 3,000, na wanapima mbele yako. Kila mfuko unaandikwa jina kwa kalamu nyeusi, nilihakikisha mara tatu tofauti. Lawama yangu ni moja, nayo nilimwambia kijana usoni. Gunia la kostiki linakaa wazi sakafuni, wakati wa masika, dirisha liko wazi. Kostiki inavuta maji ya hewani mpaka inalowa na kugandana, na pia inavuta kabonidayoksaidi ya hewani na pole pole kugeuka kaboneti, yaani unanunua kilo moja ya kostiki unapata pungufu. Tena anaichota bila glavu. Nilimwuliza, "Mwanangu, mama yako anajua?" Akacheka. Safari iliyofuata gunia lilikuwa limefungwa kwa kamba, glavu bado.

Duka nalipa nyota nne kati ya tano. Nendeni asubuhi kabla ya saa nne, na mwende na hela ndogo, chenji kwao ni ugomvi. Yule muuzaji wa mifuko ya fundo nilimrudishia mfuko wake na kumwonyesha ile karatasi ya zambarau. Alisema labda kijana wake alichanganya. Hela hakurudisha.

Jirani alikaa wiki mbili akinunua sabuni ya dukani, sikumlaumu. Mikono imepona, imebaki alama kwenye kidole kimoja. Sasa amerudi, lakini bei haulizi tena. Anasimama mlangoni na dumu lake tupu, anasema, "Leo imesoma ngapi?" Nikimwambia 7 haamini, mpaka nimchanie kipande achovye mwenyewe. Vimebaki 19. Hivi vilivyobaki atavimaliza yeye.